Tunamlilia Aliyepigwa Picha

Asubuhi ya Ijumaa, Machi 28, 2025, saa 3 na dakika 20 kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka katikati ya Myanmar kwa ukubwa wa 7.7, na kabla adhana ya adhuhuri haijasikika Kariakoo, Dar es Salaam, video zilikuwa zimeshafika kwenye simu za watu. Moja ilionyesha maji ya bwawa la kuogelea lililo juu ya ghorofa refu jijini Bangkok, Thailand, yakimwagika pembeni mwa jengo kama yanayomiminwa kutoka kwenye beseni. Nyingine ilionyesha jengo la ghorofa zaidi ya 30, lililokuwa bado linajengwa, likishuka lote kwa mkupuo mmoja huku mafundi wakikimbia mbele ya wingu la vumbi. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya mama mmoja muuza tende, ile Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, wateja wamejaa. Aliitazama video hiyo ya pili mara moja tu kwenye simu ya kijana wake, akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, akalia. Mteja mmoja akamwambia, "Mama, hao wako Asia huko, unawajua?" Hakujibiwa.

Swali la mteja yule limegeuka mjadala kamili tangu siku hiyo. Katika makundi ya WhatsApp ya mitaa na kwenye vijiwe vya kahawa, wanaoguswa na picha za maafa ya mbali wanaambiwa kwamba machozi yao ni ya maonyesho, kwamba wanalia kwa kuwa dunia nzima inalia, na kwamba mafuriko yalipoua watu wetu mwaka 2024, Rufiji na kwingineko, hatukuwasikia. Lawama hizo zimeshika kiasi kwamba wapo watu wema walioanza kuona haya kusikitika mbele za wenzao. Kwa maoni yangu lawama imemwangukia asiyehusika. Anayelia kwa ajili ya Bangkok hajamnyima chochote mtu wa Rufiji. Kilichomnyima mtu wa Rufiji ni mpangilio wa picha, unaoamua kwa niaba yetu nani ataonekana, ataonekanaje na kwa siku ngapi, na tukiendelea kumkaripia mtazamaji hatutafika kamwe kwenye kuuchunguza mpangilio huo.

Nianze na yule mama, kwa kuwa waliomshangaa walidhani anawalilia watu asiowajua. Meza yake iko mwendo wa dakika chache kutoka pale lilipoporomoka jengo la ghorofa Novemba 16, 2024, likaua zaidi ya watu 20 na kuwafukia wengine chini ya zege, huku ndugu wakisubiri nje kwa siku kadhaa wakiwa wameshika simu mkononi. Wafanyabiashara wa Kariakoo karibu wote wanamjua mtu aliyekuwa na mzigo ndani ya jengo lile, au aliyeingia kununua asitoke. Jioni, alipokuwa anafunga biashara, aliniambia maneno machache tu: "Vumbi lile ndilo lile." Bangkok ilikuwa imemfukulia msiba wa Kariakoo ambao ndani yake haukuwa umeisha. Katika Kiswahili neno kilio lina maana ya machozi na pia ya msiba wenyewe, ndiyo maana twasema tumekwenda kilioni, na sidhani lugha ilikosea kuviweka viwili hivyo pamoja. Mtu anapolia mbele ya picha ya mbali, mara nyingi analeta kilio alichokuwa nacho tayari, na anayemuuliza kama anawajua watu wale hana njia ya kujua ni akina nani anaowaona.

Sasa tuzitazame video zenyewe. Tetemeko lilipiga karibu na miji ya Sagaing na Mandalay, takribani kilomita 1,000 kutoka Bangkok. Huko ndiko walikofia zaidi ya watu 3,000, na ndiko zilikoanguka nyumba za matofali, mahekalu na misikiti. Kwa saa za huko ilikuwa saa 6 na dakika 50 mchana, siku ya Ijumaa, Waislamu wamekusanyika kwa swala, nao pia wakiwa katika Ijumaa yao ya mwisho ya Ramadhani. Bangkok, ambako waliokufa walihesabika kwa makumi, wengi wao katika lile jengo moja, ndiko kulikotoa picha. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: Bangkok ina kamera kila kona, ina watalii, ina intaneti isiyokatika. Myanmar ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Februari 1, 2021, intaneti ilikuwa ikikatwa katika maeneo ya mapigano, na wanahabari wa nje walipoomba kuingia watawala walijibu kwamba hakuna maji, umeme wala hoteli za kuwapokea. Matokeo yake ni kwamba Waislamu wa Dar es Salaam, waliokuwa wakijiandaa kwa swala ileile, walipokea picha za bwawa la kuogelea, wakati wenzao walikuwa chini ya kuta za misikiti bila mtu wa kuwapiga picha. Wengi wetu tulizijua habari za misikiti ile siku kadhaa baadaye, kwa maandishi, na maandishi hayamfanyi mtu akae juu ya ndoo.

Wanaoyapinga machozi ya mbali wana hoja moja nzito, nami sitaki kuipunguza uzito. Wanasema nafasi ya habari ni finyu, kwa hiyo kila dakika inayokwenda kwa wa mbali imechukuliwa kwa mtu mwingine. Upo ushahidi wa hilo. Mwaka 2007 wachumi Thomas Eisensee na David Strömberg walichapisha uchunguzi wao wa maafa takribani 5,000 yaliyotokea duniani kati ya 1968 na 2002, wakilinganisha misaada iliyotolewa na serikali ya Marekani na habari zilizokuwa zikitawala televisheni za nchi hiyo siku hizohizo. Walikuta kwamba maafa yaliyoangukia wakati wa michezo ya Olimpiki yalihitaji vifo mara tatu zaidi ili yawe na nafasi ya kupata msaada sawa na yaliyotokea siku za kawaida. Wakakuta pia kwamba kwa kila mtu mmoja anayeuawa na volkano, inabidi wafe karibu watu 40,000 kwa uhaba wa chakula ndipo majanga hayo mawili yawe na nafasi sawa ya kutangazwa. Takwimu hiyo ya pili inanisumbua kuliko ile ya kwanza. Volkano ina moto na moshi. Njaa haina cha kuonyesha mpaka iwe imeshaua. Lakini tazama uchunguzi huo unamwelekea nani. Haumtaji mtazamaji aliyelia kupita kiasi. Unataja kilichopewa nafasi kwenye taarifa ya habari, kilichoondolewa ili kukipisha, na aina ya janga lenyewe. Ni kweli kwamba kitu kimepungua, ila kilichopungua ni dakika za televisheni, na dakika hizo hazigawiwi na muuza tende.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kuliona jambo hili. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani mkoani Manyara, watu 89 wakafariki. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, alikatiza ziara yake akarudi. Picha zilianza kutufikia mapema: magari yamelala ubavu ndani ya tope, nyumba zimebaki mapaa, askari na wananchi wakichimba kwa koleo. Jiji hili lililia, na likachanga. Miezi minne baadaye, Aprili 2024, Mto Rufiji ulifurika katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji yale hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole, siku baada ya siku, yakafunika mpunga na mahindi, yakaingia majumbani, watu wakahama na watoto na magodoro kutafuta sehemu za juu. Video chache zilizotufikia zilikuwa za maji mapana yaliyotulia, rangi ya chai ya maziwa, na mitumbwi ikipita kati ya mapaa. Sikumwona mtu aliyelia. Mazungumzo ya jijini yalihamia upesi kwenye bwawa la Mwalimu Nyerere, nani kafungulia maji na kwa nini, na watu wa Muhoro, huko Rufiji, wakageuka hoja katika ubishi wa watu wengine. Aprili 25 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya 200,000. Rufiji ni saa chache kwa basi kutoka Mbagala Rangi Tatu. Katesh ni safari ya siku nzima. Kama umbali ndio unaopanga machozi, kama wanavyodai wenye lawama, basi Rufiji ingeliliwa kuliko Katesh. Haikuwa hivyo, kwa sababu tope lilitoa picha na maji yaliyotulia hayakutoa.

Hoja yao ya pili ni kwamba machozi hayasaidii kitu, na hata humdhuru anayelia. Sehemu ya madhara ina ukweli. Watafiti waliofuatilia Wamarekani baada ya mabomu ya Boston ya Aprili 2013 waligundua kwamba waliotazama na kusoma habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kwa siku walikuwa na dalili za msongo mkali kuzidi hata waliokuwa kwenye eneo la tukio au karibu nalo. Simu zetu zimeundwa kurudia: ukitazama video moja ya jengo linaloanguka, itakuletea ya pili na ya kumi, na jengo lilelile litaanguka mbele ya macho yako mara arobaini kabla hujalala. Kwa hiyo simlaumu anayeamua kuizima. Ila kutoka hapo kusema kwamba uchungu wenyewe hauna kazi ni kuruka jambo ambalo sisi, watu wa misiba, tunalijua vizuri.

Msiba ukitokea mtaani, turubai likishafungwa na viti vya kukodi vikishapangwa, hakuna anayesimama mlangoni kuwauliza waombolezaji walikuwa na ukaribu gani na marehemu. Wanawake wanaingia ndani kukaa mikekani na wafiwa, wengine wanalia kwa sauti, wengine hawakuwahi hata kuzungumza na marehemu na wanawalilia waliozikwa kwao miaka kumi iliyopita. Nje kuna meza ndogo, na juu yake daftari la rambirambi. Aliyetoka kulia anapita pale, anaandikisha jina na shilingi elfu mbili au elfu tano aliyonayo. Vijana wanatafutwa wa kwenda kuchimba kaburi, kina mama wanagawana mchele wa kuchambua. Kilio na daftari viko hatua chache tu kimoja kutoka kwa kingine, na mtu husukumwa na cha kwanza kukifikia cha pili. Video ya mbali inamleta mtu mpaka mkekani kisha inamwacha hapo. Hakuna meza, hakuna daftari, hakuna jina la kamati wala anayejulikana kuwa ni mwaminifu. Ndiyo maana machozi yale yanaonekana bure. Yalipopata njia hayakuwa bure: mwaka 2023 kimbunga Freddy kilipoua mamia ya watu kusini mwa Malawi, hasa Blantyre, Tanzania ilipeleka chakula, mahema, mablanketi na helikopta za jeshi, na sikumsikia mtu akisema kwamba unga ule umeibwa kwa Mtanzania.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini kuliko zote: ni mbali, hayatuhusu. Jumapili ya Desemba 26, 2004, kabla ya alfajiri kwa saa zetu, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, na mawimbi yake yakaua watu takribani 230,000 katika nchi zaidi ya kumi. Mawimbi hayo yalivuka Bahari ya Hindi kwa muda wa saa kadhaa. Yaliua karibu watu 300 Somalia, kisha yakafika kwetu mchana, siku ya pili ya Krismasi, siku ambayo nusu ya watoto wa jiji hili hupelekwa ufukweni. Watu wasiopungua kumi walikufa Tanzania, wengi wao wakiogelea. Kenya alikufa mtu mmoja. Huko habari za Asia zilichukuliwa kuwa ni habari zao pia, na polisi wakawaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa kabla maji hayajafika. Naomba msomaji akae kidogo na jambo hili. Kwa saa zile chache kabla ya mchana, maafa yale yalikuwa bado ya mbali, watu wa mbali wakifa katika bahari ambayo ni hii yetu, na tofauti kati ya kuokoka na kufa ilitegemea kama kuna mtu mwenye mamlaka aliyeisikia habari hiyo na kuhisi kwamba inamhusu. Wahenga waliosema mwenzako akinyolewa wewe tia maji hawakuweka sharti kwamba mwenzako awe wa mtaa wako.

Tangu 2011 Bahari ya Hindi ina mfumo wake wa tahadhari ya tsunami, na kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ndiyo inayopokea na kutoa taarifa. Hata hivyo tahadhari ni maneno, na maneno humsogeza mtu ambaye kichwani mwake tayari ipo picha ya kinachokuja. Mei 2024 TMA ilipotangaza kimbunga Hidaya, boti za Zanzibar zilisimamishwa na wavuvi wengi walivuta vyombo vyao nchi kavu. Naamini walitii upesi kwa kuwa walikuwa wameshaona Beira, Msumbiji, ilivyofanywa na kimbunga Idai mwaka 2019 na Blantyre ilivyofanywa na Freddy, na walikuwa wameziona picha hizo kwa uchungu, si kwa kuzipitisha tu kwa kidole. Uchungu ndio ulioziweka kichwani.

Iko hatari nyingine ambayo nitaigusa tu, kwa sababu jibu lake ni fupi. Video za tsunami ya Japani ya Machi 2011 zimesambazwa upya mara nyingi zikipewa majina ya nchi nyingine na tarehe nyingine, na siku hizi picha za kutengenezwa na kompyuta zinaongezeka. Aliyelia kwa video ya uongo hajafanya kosa la moyo. Kosa ni la aliyeisambaza bila kuuliza imetoka wapi. Dakika mbili za kuuliza zinatosha kabla ya kubonyeza.

Ikiwa hoja yangu ni sahihi, basi mzigo unahamia kwa wale wanaoshika kamera na wanaopanga taarifa ya habari, nami nikiwa mmojawapo. Chumba cha habari kinachorusha maji ya bwawa la Bangkok kina wajibu wa kusema katika sentensi ileile kwamba kitovu kiko Myanmar na kwamba huko picha hazitoki, ili mtazamaji ajue kuwa asichokiona ni kikubwa kuliko anachokiona. Kina wajibu wa kumtafuta kwa simu Mtanzania aliyeko huko, au imamu, au muuguzi, kwa sababu sauti ya mtu mmoja inayosikika vizuri inaweza kufanya kazi ambayo video haikuweza. Misikiti na makanisa, ambayo tayari yana wahasibu wanaoaminika na kapu la kupitisha, yanaweza kuweka ile meza ya daftari ambayo simu haina, na kupeleka kilichokusanywa kwa njia zinazojulikana kama Msalaba Mwekundu. Na maafa ya taratibu, ya maji yanayopanda sentimita chache kwa siku na ya mashamba yanayooza, yatafutiwe picha kwa makusudi: mwandishi akae Muhoro siku tano, arudi baada ya mwaka, aonyeshe ghala tupu na ada ya shule iliyokosekana. Picha ya namna hiyo haijileti yenyewe, inafuatwa.

Wiki iliyopita, masika yakiwa yameanza, nilipita Kigogo upande wa bonde la Msimbazi, kwenye nyumba moja iliyobaki baada ya majirani wengi kuhama. Ukuta wake wa sebuleni una michirizi mitatu ya tope iliyokauka, kila mmoja kwa urefu wake, na rangi ya chokaa imepigwa juu yake mara kadhaa bila kuifuta. Mwenye nyumba alinionyesha kwa ncha ya ufunguo. Wa chini, usawa wa goti, ni wa 2018. Wa katikati ni wa 2014. Wa juu, unaopita kifuani mwangu, ni wa Desemba 2011, mvua ile iliyoua zaidi ya watu 40 jijini na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Nilimuuliza kama ana picha yoyote ya siku ile ya 2011, maji yakiwa ndani. Alisema simu yake ilikuwa ya tochi, na iliondoka na maji pamoja na kabati. Niliupiga picha ukuta nikauweka kwenye kundi la mtaa wetu, chini ya video za Bangkok zilizokuwa bado zinatumwa, na nikaandika miaka mitatu ile pembeni yake. Yule mama wa tende, ambaye pia yumo kundini, aliuliza ni nyumba ya nani na kama kuna watoto.